Nikiona namna filamu ilivyotengenezwa, nitaendelea kuipenda?

"Mama, salamu kutoka Kampemba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Tangu nikiwa darasa la sita ninasoma vitabu vya Harry Potter kwa Kifaransa, na filamu zote nane nimezitazama hadi ninatangulia kusema maneno kabla ya waigizaji. Shangazi yangu wa Liège amenialika Ubelgiji wakati wa likizo kubwa, nami nimeweka akiba ili nifike Uingereza kwenye studio ambako filamu zile zilipigwa. Lakini nina hofu. Kaka yangu anasema: utakuta mbao na plasta, waigizaji hawapo, utarudi umepoteza pesa pamoja na ile furaha yako. Rafiki yangu ananishauri nisubiri niende Marekani kwenye bustani ya michezo ya Universal, eti kule Poudlard, ile shule ya uchawi ya Harry, ni kubwa zaidi. Mama mdogo wa kikundi cha maombi naye anasema yote ni mambo ya kishetani. Je, nikiona ya nyuma ya pazia, utamu hautaisha? Tena mjukuu wa shangazi, wa miaka 7, anataka twende pamoja, na yeye bado anaamini kabisa. Nimefikiri tutachukua tu treni ya asubuhi kutoka Brussels na kurudi jioni, kwa kuwa viza ya Ubelgiji nitakuwa nayo."

Binti yangu, umeniuliza habari ya moyo, lakini sentensi iliyonishtua ni ile ya mwisho, ya treni ya Brussels. Nitaanza na moyo kwa sababu ndio uliokufanya uandike. Tukifika kwenye treni nakuomba usome polepole, maana hapo ndipo safari yako inaweza kuvunjika kabla hujavuka bahari.

Kaka yako amesema kweli kwa jambo moja: mbao na plasta utazikuta, na waigizaji hawapo. Filamu ya mwisho ilitoka mwaka 2011. Waliokuwa watoto sasa ni watu wazima wenye kazi nyingine. Ukienda ukitarajia kumkuta Daniel Radcliffe, aliyeigiza Harry, mlangoni, utarudi na huzuni. Wala hutaona filamu ikipigwa. Kando ya sehemu ya wageni kuna studio inayofanya kazi hadi leo, lakini tiketi yako haifungui milango yake. Kaka yako anakosea pale anapodhani kwamba mbao na plasta ni habari mbaya. Hizo ndizo unazokwenda kuziona.

Rafiki yako naye amechanganya vitu viwili. Bustani za Universal zina kasri la Poudlard kweli. La Orlando lilifunguliwa mwaka 2010 na la Hollywood mwaka 2016. Hata hivyo yalijengwa kwa ajili ya wageni tangu jiwe la kwanza: kuna vigari vya kuwazungusha watu, maduka na vinywaji. Hakuna onyesho hata moja la filamu zile nane lililopigwa humo. Ukitaka kucheza siku nzima na watoto wakubwa, ni mahali pazuri. Kuna pia studio ya wageni Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 2023, ambayo inaeleza kazi ya filamu vizuri, ila seti zake zilijengwa upya. Makao ya filamu zote nane kwa miaka kama 10 yalikuwa Leavesden, karibu na mji wa Watford, kaskazini-magharibi mwa London. Wageni walianza kupokewa hapo mwaka 2012. Meza, milango, nguo na vifaa unavyoviona pale vingi ni vilevile vilivyoshikwa mbele ya kamera. Nasema vingi, sio vyote. Ule msitu wenye buibui mkubwa, kwa mfano, ulitengenezwa tena na kufunguliwa mwaka 2017 ili wageni waweze kupita ndani yake.

Mahali penyewe hapakuanza kama studio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilikuwa kiwanda cha ndege za kivita, Mosquito na Halifax. Kazi ya kiwanda ilipokwisha katika miaka ya 1990, watu wa filamu ya James Bond iliyotoka mwaka 1995 walikuta kumbi ndefu zenye mapaa ya juu na nafasi pana isiyokatwakatwa na nguzo. Fundi wa seti anatafuta hicho kuliko uzuri wowote wa jengo. Sisi tuliokulia kando ya karakana za reli na za kampuni ya madini ya Gécamines tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Sasa hofu yako. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kujenga na kupaka rangi seti za michezo ya jukwaani na filamu fupi hapa Lubumbashi, na wageni wanapopitishwa nyuma ya jukwaa huwa naona nyuso za aina mbili. Wapo wanaosema "kumbe ni mbao tu" wakatoka. Wapo wanaoweka mkono juu ya ile mbao wakauliza, "Hii umeifanyaje iwe jiwe?" Wote wawili walikuwa wameupenda mchezo. Mmoja alikuja kutafuta mahali, akakuta mahali hapapo. Mwingine alikuja kutafuta kazi, akaikuta.

Kuna kitu ambacho watu wengi hawakifikirii. Wewe hukuwahi kuamini kwamba yule kijana anaruka kwa ufagio. Ulijua tangu mwanzo kuwa ni mwigizaji, ukalia hata hivyo mzee Dumbledore, mkuu wa shule, alipokufa. Machozi yako hayakutoka kwenye kudanganywa, yalitoka kwenye hadithi: mtoto yatima aliyepata watu wake, kisha akaanza kuwapoteza mmoja mmoja. Jambo hilo halikai ndani ya plasta, kwa hiyo plasta haiwezi kuliharibu. Tazama picha za shaba za mafundi wetu hapa mjini. Mbele unaona mama anatwanga, kidevu na kitambaa vimeinuka vizuri. Geuza bamba nyuma: penye kilima pana bonde, na njia yote ya nyundo inaonekana, pigo baada ya pigo. Sijamwona mtu aliyegeuza bamba akaacha kuipenda picha. Nimewaona wengi wakiigeuza tena mbele na kuitazama kwa muda mrefu zaidi.

Ili usishtuke ukifika, jifunze kwanza kwa nini seti iko vile ilivyo.

Sisi tuna macho mawili, kamera ina moja. Macho mawili yanaleta picha mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo kwa kuzilinganisha unapima umbali. Lenzi moja haiwezi. Kwenye picha yake tunakisia umbali kwa dalili nyingine: kilicho kidogo tunakiona cha mbali, kilichofunikwa na kingine tunakiweka nyuma yake, kilichofifia kama katika ukungu tunakisukuma mbali zaidi. Fundi wa seti anafanya kazi kwa dalili hizo. Anaweza kujenga ujia wa mita chache, akaufanya uwe mwembamba na mfupi kadiri unavyoingia ndani, nawe kwenye skrini ukaona ujia usiokwisha. Kwa Hagrid, yule nusu-jitu wa hadithi, walikwenda mbali zaidi. Mwigizaji Robbie Coltrane hakuwa jitu. Nyumba ya Hagrid ilijengwa mara mbili, moja yenye vitu vidogo ili yeye aonekane ameijaza, nyingine yenye vitu vikubwa kupita kiasi ili watoto waonekane wadogo. Na pale ulipohitajika mwili mrefu kweli, alisimama Martin Bayfield, mchezaji wa zamani wa raga mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.

Ukisimama mbele ya seti na macho yako yote mawili, ujanja huo unafichuka mara moja. Ndiyo sababu wageni wengi wanatoka wakisema "kumbe ni padogo". Wala hapajapungua; ni wao wanaotumia jicho la ziada ambalo kamera haikuwa nalo. Kwa hiyo fanya hivi: fumba jicho moja, inama mpaka urefu wa kifua, au inua simu utazame kupitia kamera yake, ukisogea kulia na kushoto taratibu. Kuna mahali pamoja ambapo picha unayoijua itarudi yote kwa ghafla. Hapo ndipo kamera ilipokuwa imewekwa. Kwangu mimi hakuna raha katika studio yoyote inayozidi kupatafuta mahali hapo.

Ukumbi Mkuu utaukuta mapema katika matembezi yako. Tazama chini kabla ya juu. Sakafu ni ya mawe ya kweli, yale wanayoyaita mawe ya York. Stuart Craig, aliyebuni mandhari ya filamu zote nane, hakutaka mawe ya kupakwa rangi kwa sababu alijua miguu ya mamia ya watoto itapita hapo mwaka baada ya mwaka, na rangi isingedumu. Kisha inua macho: dari hakuna. Kuta zinapanda, zinafika mahali, zinakoma. Dari halijengwi kwa sababu taa zinatakiwa kumulika kutoka juu, na mafundi wa sauti wanahitaji nafasi ya kushusha maikrofoni. Paa lile unalolijua lilikuwa modeli ndogo iliyounganishwa na picha ya ukumbi, na anga lenye nyota likaongezwa kwa kompyuta. Ile mishumaa inayoelea nayo ina kisa chake: mwanzoni walitundika mishumaa ya kweli kwa nyaya nyembamba, moto ukazikata nyaya, mishumaa ikaanza kuanguka. Tangu hapo ikawa kazi ya kompyuta.

Katika ofisi ya Dumbledore, rafu zimejaa vitabu vizito vya ngozi. Vingi ndani yake ni vitabu vya namba za simu vya Uingereza vilivyovalishwa majalada. Hapo fundi alikuwa na bajeti na kuta ndefu za kujaza, na kamera isingefungua kitabu hata kimoja. Lakini nenda duka la fimbo za uchawi, ambako kuna maboksi zaidi ya 17,000, kila moja likiwa na lebo yake. Mbona pale walihangaika hivyo? Kwa sababu duka ni jembamba, kamera inapita karibu kabisa na rafu, na mwigizaji anavuta boksi kwa mkono wake. Mahali mkono na lenzi vinapofika, fundi hadanganyi. Mahali visipofika, anatumia alichonacho. Ukishika kanuni hiyo utaweza kusoma seti yoyote duniani, hata ya mchezo wa shule yako.

Angalia pia uchakavu, maana wageni wengi wanaupita bila kuuona. Kitu kipya kinasomeka kuwa cha uongo mbele ya lenzi. Kwa hiyo mlango unapakwa rangi, halafu unasuguliwa kwa msasa pale mkono ungeugusa kila siku, na vumbi linaongezwa kwenye pembe ambazo ufagio haufiki. Nguo ni hivyohivyo. Shati moja la mhusika linashonwa nakala nyingi: moja safi, moja lililochafuka kidogo, moja lililoraruka, na nyingine za yule anayeigiza maanguko kwa niaba ya mwigizaji. Onyesho la mwisho linaweza kupigwa kabla ya lile la kwanza, na doa lazima liwe mahali palepale. Wewe mwalimu utapenda hasa magazeti na barua. Miraphora Mina na Eduardo Lima waliyabuni kwa herufi na mapambo ambayo wewe kwenye kiti chako hukuwa na nafasi ya kuyasoma. Waliyafanya hivyo kwa sababu mwigizaji aliyeshika gazeti analiona, na uso wake unabadilika kulingana na anachokiona.

Viwili zaidi usiviruke. Cha kwanza ni modeli ya kasri, imejengwa kwa kipimo cha 1 kwa 24, ina upana wa kama mita 15, na inawaka taa zaidi ya 2,500. Kabla ya kompyuta kuchukua nafasi katika filamu za mwisho, picha nyingi za kasri kwa mbali zilikuwa za modeli hii. Cha pili ni kwa ajili ya baba yako: kile kichwa chekundu cha treni ni cha kweli. Kilitoka karakana ya Swindon mwaka 1937 kikiitwa Olton Hall, kikavuta treni za abiria na mizigo miaka mingi kabla ya filamu. Mpigie picha magurudumu na fito zinazoyaunganisha, mzee wa reli atakuuliza habari za hivyo kabla ya kuuliza habari za Harry.

Mama mdogo wa kikundi cha maombi sitamcheka. Katika miji yetu shutuma za uchawi zimewafikisha watoto barabarani, kwa hiyo anayeogopa ana sababu ya kuogopa. Usibishane naye. Ukirudi, mwonyeshe picha ya vitabu vya simu na ya nyaya, umweleze nani alipaka rangi nini. Wengi hutulia wanapoona kazi ya seremala.

Sitakuficha kwamba kuna kinachopotea. Ile hali ya kutazama onyesho bila kufikiria nani alisimama wapi, kwa miezi kadhaa haitarudi. Utaitazama filamu ya kwanza na jicho litakimbilia juu kutafuta dari. Kwa watu wengi hali hiyo inapungua yenyewe, hadithi inawameza tena. Wachache haiwarudii, na hao mara nyingi ni wale waliopenda zaidi ule ulimwengu kuliko watu waliomo ndani yake. Wewe unayesema maneno kabla ya waigizaji, naona unapenda watu. Kitu kingine kitakachokuuma ni kamba na vioo. Vitu vingi haviguswi, na watu ni wengi. Asubuhi mapema ni nafuu.

Kuhusu mtoto wa miaka 7, mimi ningesubiri, lakini anayemjua ni mama yake. Umri huo mtoto anaweza kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba ni mchezo na kwamba ni kweli, na wengine wanatoka studio wakitaka kuwa mafundi. Wengine wanakuta uso wa mpira wa kiumbe waliyempenda umewekwa juu ya meza, macho hayana uhai, na wanalia usiku. Mjaribu kwanza nyumbani: mwonyeshe video fupi ya jinsi kiumbe kimoja kilivyotengenezwa. Akiuliza "wamefanyaje?", mchukue. Akizima simu au akikasirika, mwache aendelee kuamini, miaka mitatu si mingi. Ikiwa ana historia ya kifafa, au anasumbuliwa na mwanga unaomemetameta, sauti kubwa au giza, mama yake azungumze na daktari wake, kisha aiandikie studio kabla ya kununua tiketi. Mkifika, waulizeni wafanyakazi wa pale kuhusu msitu wa buibui kabla hamjaingia.

Tumefika kwenye treni.

Viza ya Ubelgiji ni viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka. Uingereza haimo katika Schengen. Ukienda stesheni ya Brussels-Midi na viza hiyo peke yake, maafisa wa mpaka wa Uingereza wako palepale stesheni, kabla ya treni kuondoka, nao watakurudisha. Tiketi ya treni na ya studio zitakuwa zimepotea. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, inayoombwa na kulipiwa kando. Ada yake ni zaidi ya pauni 100, na ukikataliwa hairudishwi. Fomu inajazwa kwenye intaneti, lakini alama za vidole zinachukuliwa ana kwa ana kwenye kituo cha maombi, kwa hiyo ukiwa Lubumbashi weka safari ya Kinshasa kwenye hesabu. Majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3, wakati mwingine zaidi. Hati zako za Kifaransa, yaani barua ya shule, taarifa za benki na mwaliko wa shangazi, zinatakiwa ziambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Wengi wetu tunakwama hapo, kwa sababu tunazoea kwamba Kifaransa kinatosha kila mahali.

Kuna mtego wa pili ambao hata waliokwisha kusafiri wanausahau. Viza ya Schengen inaweza kuwa ya kuingia mara moja tu. Ukitoka Ubelgiji kwenda London, umetoka Schengen, na jioni hutaweza kurudi kwa shangazi, hata kama siku zako hazijaisha. Unapoomba viza ya Ubelgiji, omba ya kuingia zaidi ya mara moja, ueleze sababu, na uambatanishe viza ya Uingereza ikiwa umeshaipata. Mtoto naye, kama ana uraia wa Ubelgiji, anahitaji pasipoti, kwani kitambulisho peke yake hakitoshi kuingia Uingereza, pamoja na kibali cha kusafiri cha kielektroniki ambacho raia wa Ulaya wanatakiwa kuwa nacho tangu Aprili 2025. Kwa kuwa wewe si mzazi wake, abebe pia barua ya ruhusa iliyotiwa saini na wazazi.

Hapa sasa ndipo barua yangu haitoshi. Ikiwa umewahi kukataliwa viza yoyote, au kama akiba yako iko kwa jina la mtu mwingine, usitumie wakala wa mtaani anayekuahidi kwamba "ana mtu wake ndani". Tafuta mwanasheria au mshauri anayetambuliwa wa mambo ya uhamiaji, ukae naye na karatasi zako zote mezani. Hati moja ya kubuni inaweza kukufungia mlango wa nchi hiyo kwa miaka.

Na pesa? Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya pauni 50, inanunuliwa mapema, kwa saa maalumu, na tiketi za likizo kubwa zinaisha mapema sana. Ongeza treni ya Brussels hadi London, saa 2 hivi, treni ya stesheni ya Euston hadi Watford Junction, dakika 20 hivi, na basi la studio. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana kwa ratiba, lakini utakuwa unatazama saa badala ya seti, nami kwa haraka hiyo ndiyo ningehofia furaha yako kuliko plasta zote za Leavesden. Lala usiku mmoja. Kama akiba hiyo inatosha pamoja na viza mbili, nenda, nasema kwa moyo wote. Kama unapaswa kukopa, au kugusa pesa ya kodi ya nyumba, usiende mwaka huu.

Bila viza ya Uingereza bado unaweza kuona kazi hii kwa viza yako ya Schengen. Ufaransa kuna makumbusho ya filamu na modeli ndogo katika mji wa kale wa Lyon, yenye vifaa halisi vya filamu na maelezo ya Kifaransa. Hayana Ukumbi Mkuu, lakini kwa kujifunza ni mazuri sana, labda mazuri kuliko Leavesden. Roma kuna Cinecittà, studio iliyofunguliwa mwaka 1937, ambako wageni wanatembezwa ndani ya mitaa ya Roma ya kale iliyojengwa kwa ajili ya kamera. Pita nyuma ya kuta zile uone vyuma na mbao vinavyozishikilia. Kwa shabiki wa Harry Potter ni chaguo la pili, siwezi kusema vinginevyo. Kwa mtu ambaye kesho angependa kujenga seti ya mchezo wa wanafunzi wake, ni sawa kabisa.

Ukipata kwenda Leavesden, tazama filamu ya kwanza na ya mwisho tu wiki ile, usizirudie zote. Chagua vitu vitatu unavyotaka kukaa navyo na uvipe nusu ya muda wako. Omba kifaa cha sauti cha Kifaransa, na ujue kwamba mabango yanatumia majina ya Kiingereza: Poudlard ni Hogwarts, Chemin de Traverse ni Diagon Alley, na profesa Rogue ni Snape. Duka la mwisho lina vitu vya bei kubwa. Mwambie mtoto kabla ya kuingia ni kimoja tu. Treni ya Brussels inafikia St Pancras, na stesheni ya King's Cross iko jirani yake, ng'ambo ya barabara. Humo kuna kigari cha mizigo kilichozama nusu ukutani, kama kile cha Harry, na kupiga picha kwa simu yako mwenyewe ni bure.

Mpangilio wa hatua ni huu: andika kwanza maombi ya Uingereza ukiwa bado nyumbani, kisha ya Ubelgiji ya kuingia zaidi ya mara moja. Tiketi ya studio inunuliwe ukiwa umeshapewa viza zote mbili, na kabla ya kulipa soma masharti ya kubadilisha tarehe. Ukisubiri, tarehe nzuri zinaweza kwisha; ukiwahi, unaweza kulipia mlango usioruhusiwa kuufikia. Mimi ningesubiri viza, hata kama ingenilazimu kuingia studio siku ya katikati ya juma saa za jioni.